Shanga za sumaku zinagoma kuvuka mafuta: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Wadau wa maabara, haya maswali nimeulizwa mara nyingi mno nikaona niyaweke yote sehemu moja, dalili kwa dalili, naanza na sababu inayotokea sana namalizia na ile ya nadra. Naongelea ile njia ya kusafisha DNA au RNA kwa kuburuta shanga za sumaku (chembe ndogo mno zinazovutwa na sumaku, DNA inazinatia) kutoka kwenye maji machafu, zinapita kwenye mafuta, zinaingia kwenye maji masafi, hamna kuosha mara tatu nne na hamna sentrifyuji (ile mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi). Sisi ambao umeme unakatika katikati ya mzunguko na sampuli zinabaki humo humo ndani tunajua hii njia inatuokoa kiasi gani, ndo maana huwa naumia nikisikia mtu kajaribu mara mbili ikamgomea akaachana nayo.

Tuelewane kwanza kifaa chenyewe. Una kipande cha plastiki chenye visima vitatu vilivyoungana kwa milango myembamba. Kisima cha kwanza kina sampuli iliyopasuliwa seli zake kwa bafa (maji ya kemikali yenye pH iliyopangwa) ya gwanidini, chumvi kali inayoifanya DNA inate kwenye silika, pamoja na shanga zilizofunikwa silika, cha kati kina mafuta, cha tatu kina tone dogo la bafa safi ya kutolea, yaani ya kuiachisha DNA kutoka kwenye shanga. Sumaku inapita chini, shanga zinaifuata, uchafu unabaki nyuma kwasababu umeyeyuka kwenye maji na hauwezi kuingia kwenye mafuta. Silika na gwanidini ni kazi ya Boom na wenzake kule Uholanzi, 1990. Kupitisha shanga kwenye kimiminika kisichochanganyika na maji kulitoka Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, 2010, na mwaka uliofuata kundi la David Beebe pale Wisconsin–Madison wakatoa hii ya visima inayoitwa IFAST, na wale wa Vanderbilt wakafanya ya mrija mmoja mrefu wenye vimiminika vimepangana ndani huku hewa ikivitenganisha. Kama wewe unatumia mrija, mengi ya hapa chini yanakuhusu vilevile, pale ninaposema mafuta wewe weka hewa, ila ujue ngozi ya maji na hewa ni ngumu zaidi kuipasua kuliko ya maji na mafuta.

Sasa kuna kitu kimoja ukikishika, nusu ya matatizo utayatatua mwenyewe bila kuuliza mtu. Pale maji yanapokutana na mafuta kuna kama ngozi, ule mvutano wa uso. Shanga moja ya mikromita 2.8 sumaku inaivuta kwa nguvu ndogo sana, na ile ngozi inaishikilia kwa nguvu kubwa kuliko hiyo mara maelfu. Kwahiyo shanga moja haivuki, hata ulete sumaku ya aina gani. Zinavuka zikiwa donge. Donge likiongezeka upana mara mbili, shanga ndani yake zinakuwa mara nane, yaani nguvu ya sumaku imekuwa mara nane, lakini ngozi inayolishika imeongezeka mara mbili tu. Hapo ndo sumaku inashinda. Kwa maji yasiyo na sabuni unahitaji donge la shanga laki kadhaa mpaka milioni hivi, na hiyo sio nyingi kama inavyosikika, mikrolita 10 za shanga hizo zenye miligramu 10 kwa mililita zina shanga zaidi ya milioni sita. Kwahiyo mtu akiniambia sumaku yake haina nguvu huwa namuuliza kwanza shanga zake ziko wapi na sabuni kaweka kiasi gani, na mara nyingi sana sumaku inakutwa haina kosa.

Na jambo moja la usalama naliweka hapa juu kabisa kwasababu haliwezi kusubiri mwisho. USIWEKE JIK au klorini yoyote kwenye taka zenye gwanidini. Gwanidini thiosianati ikikutana na klorini inatoa gesi za sumu zenye sianidi ndani yake. Maabara moja niliyofanya kazi zamani kijana alimwaga Jik kwenye ndoo ya taka kama alivyofundishwa kwa taka za damu, kwa nia nzuri kabisa, ile ndoo ikaanza kupata joto na harufu kali ya kuchoma pua, tukatoka wote nje tukaacha milango na madirisha wazi, tulikaa nje karibu saa nzima. Hamna aliyeumia, lakini chumba kingekuwa kidogo au kimefungwa ningekuwa nasimulia mengine. Taka za gwanidini zina chombo chake, kina mfuniko, kimeandikwa kwa herufi kubwa, na maji ya klorini hayakai hata jirani nacho. Ikitokea imechanganyika usijaribu kuokoa chochote, toka, toa watu, ita afisa usalama wa maabara.

DALILI YA 1: Shanga zinafika mpakani zinajirundika, sumaku inaendelea mbele zenyewe zinabaki

Hii ndo malalamiko namba moja. Kabla ya yote chukua simu washa tochi, weka mwanga kwa pembeni, vuta kamera karibu uangalie. Donge likiwa zima utaona linausukuma ule ukuta wa maji, ukuta unavimba kuelekea kwenye mafuta kama ulimi, unazidi kuwa mrefu, shingo yake inakonda, alafu ghafla inakatika na donge linaruka upande wa pili likiwa limevaa koti jembamba la maji. Ukiliona hilo mara moja hutalisahau. Kama ukuta hauvimbi kabisa basi nguvu haitoshi, kama unavimba afu unarudi basi umekaribia sana, kimebaki kitu kidogo.

Sababu ya kwanza na inayoongoza kwa mbali ni chupa ya shanga haikutikiswa. Shanga zinazama, chupa ikikaa kwenye friji usiku mzima zote zinalala chini, wewe unaingiza tipu juu juu unachota maji ya rangi ya chai nyepesi unadhani ni shanga. Tikisa kwenye voteksi (kile kifaa cha kutikisia tyubu) sekunde 30 mpaka chini kusibaki kitu, pindua chupa uangalie kitako, chota hapohapo, na kama una sampuli nyingi tikisa tena kila baada ya sampuli nne tano maana zinaendelea kuzama wakati wewe unahangaika na pipeti. Kila nikiambiwa "sampuli za mwanzo zimevuka za mwisho zimegoma" au kinyume chake, ni hii.

Ya pili ni haraka. Unapitisha sumaku kabla shanga hazijakusanyika, kwahiyo zinafika mpakani kwa vikundi vidogo vidogo, kila kikundi peke yake ni dhaifu, kinagota. Acha sumaku imetulia chini ya kisima cha kwanza dakika moja mpaka mbili, kama maji ni mazito iache hata tano, uone maji yamekuwa meupe na shanga zote ni doa moja la kahawia iliyokolea. Alafu buruta pole pole, kama milimita 1 kwa sekunde, ukifika mpakani simama sekunde tano mpaka kumi ndo uendelee.

Ya tatu ni umbali. Nguvu ya sumaku ndogo inashuka vibaya sana ukiongeza umbali, ukitoka milimita 1 kwenda 3 umepoteza sehemu kubwa ya nguvu uliyokuwa nayo. Angalia kitako cha plastiki yako kina unene gani, angalia kama umeweka karatasi au gundi katikati, angalia kama plastiki imepinda haigusi sumaku. Pia jua kwamba shanga hazivutwi katikati ya uso wa sumaku, zinakimbilia ukingoni na kwenye kona, kule ndo uga, yaani nguvu ya sumaku inayoizunguka, unabadilika kwa kasi. Kwahiyo ukingo wa sumaku ndo uutangulize kuelekea kwenye mafuta, uso wake bapa sio wa kazi hii. Na kama meza yako ni ya chuma au reki ina chuma, hicho chuma kinakunyang'anya sumaku mkononi na kuvuruga mwelekeo wa uga, hamia kwenye meza ya mbao.

Ya nne ni ngozi kuwa ngumu mno, yaani maji yako hayana sabuni kabisa. Hii inawapata wanaofanya majaribio na maji matupu au chumvi tupu. Bafa za kupasulia seli karibu zote zina Triton au Tween, ambazo ni sabuni za maabara, ngozi inakuwa laini. Ongeza Tween 20 kidogo, anza na asilimia 0.05, usirukie asilimia 1 maana utaenda kuanguka kwenye dalili ya 3 huko chini.

Ya tano mafuta mazito. Mafuta ya madini yakitoka kwenye friji au chumba chenye kiyoyozi kikali yanakuwa mazito, donge linavuka alafu linatambaa kama kobe. Yaache yafike joto la kawaida la chumba. Sisi wa Pwani hili halitusumbui sana, wenzetu wa Arusha na Mbeya mwezi wa saba wanalijua.

Ya mwisho kabisa ndo sumaku imekufa. Sumaku za neodimiamu za kawaida zinaanza kupoteza nguvu moja kwa moja zikipita nyuzi joto 80, kwahiyo aliyeiweka kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) ya nyuzi 121 ameiua, na iliyodondoka sakafuni ikachubuka ile rangi ya fedha inaanza kula kutu ndani. Kuipima ni rahisi: siku unainunua weka pini ya ofisi upande mmoja wa karatasi na sumaku upande wa pili, ongeza karatasi moja moja mpaka pini idondoke, andika idadi kwenye daftari. Rudia kila mwezi. Idadi ikishuka sana unanunua nyingine, haitengenezeki.

Tahadhari kwa wale wanaosema "basi niweke sumaku kubwa zaidi": sumaku kubwa za neodimiamu zikirukiana zinabana kidole mpaka damu inaganda, zinavunjika na vipande vinaruka machoni, na mwenye betri ya moyo kifuani hatakiwi kuzikaribia kabisa. Ndogo zisikae mahali mtoto anafika, akimeza mbili zinavutana zikiwa ndani ya utumbo na kuutoboa, hapo hamna kusubiri zitoke zenyewe, ni hospitali muda huohuo. Na kama umejaribu yote haya na ukuta bado hauvimbi, usianze kuchonga plastiki mwenyewe, mtafute fundi wa vifaa tiba au mtu wa uhandisi aangalie upana wa ule mlango kati ya visima.

DALILI YA 2: Donge linavuka ila linaacha mkia nyuma

Unaona mstari wa kahawia kwenye sakafu ya kisima, au nusu ya shanga zimebaki upande wa kwanza. Mara nyingi ni mwendo tu, umeburuta haraka na donge limechanika. Rudisha sumaku nyuma, kusanya tena, nenda taratibu. Hakuna kilichoharibika, unaweza kurudi hata mara tatu.

Ukienda taratibu na mkia bado upo, basi shanga zinanata kwenye plastiki. Hii inatokea sana kwa damu na makohozi, protini zinagundisha. Ongeza muda wa proteinezi K, kimeng'enya kinachokatakata protini, dakika 10 kwenye nyuzi 56 watu wengi wanaikatisha, mpe hata 20 au 30, au tumia plastiki zile zisizonata. Sababu nyingine ndogo ni mikwaruzo, plastiki iliyotumika na kuoshwa mara kadhaa ina mikwaruzo ambayo shanga zinaingia zinakaa. Najua bajeti ilivyo, na mimi nimewahi kuziosha nikarudia, lakini kwa kazi ya PCR (kipimo kinachonakili DNA mara nyingi mno ili ionekane) usirudie plastiki, unabeba DNA ya jana kwenda kwenye sampuli ya leo.

DALILI YA 3: Shanga zinavuka vizuri kabisa lakini PCR imekufa

Hii inaumiza zaidi kwasababu macho yanakwambia kila kitu kimeenda sawa. Kumbuka lile koti la maji nililosema donge linavuka nalo. Ndani ya hilo koti kuna gwanidini, pengine na hemu, ile rangi nyekundu ya damu, au asidi za humusi, zitokanazo na mimea iliyooza, kama sampuli yako ni udongo, na vyote hivi vinazuia kimeng'enya cha PCR kufanya kazi. Koti jembamba halina shida, koti nene ndo linaua.

Kwanza hakikisha tatizo ni hilo kweli. Chukua DNA uliyopata, ipunguze mara kumi kwa maji safi, rudia PCR. Ikitoa matokeo baada ya kupunguzwa ambapo mwanzo haikutoa, basi ni kizuizi kimevuka. Isipotoa kitu nenda dalili ya 5. Kama una kipimo cha mwanga angalia uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa 230, gwanidini inaushusha chini sana.

Sababu kubwa ni sabuni nyingi. Na hapa ndo watu wanachanganyikiwa, kwasababu sabuni ileile iliyokusaidia kuvuka kwenye dalili ya 1 ndo inayokuletea maji mengi huku. Ngozi ikiwa laini mno donge linavuka mapema, shingo haikondi vizuri, linabeba maji mengi. Etanoli na isopropanoli zinafanya vilevile, kwahiyo kama kiti yako (kit, lile boksi la kemikali zenye maelekezo) inakuambia ongeza pombe kwenye bafa ya kupasulia, ujue umelainisha ngozi mara ya pili. Mi huwa nashusha sabuni kidogo kidogo mpaka nipate pale ambapo ukuta unavimba, unasita kidogo, ndo unaachia. Huo kusita ni dalili nzuri, usiuogope.

Sababu ya pili ni shanga nyingi kupita kiasi. Mtu akiona zimegoma anaongeza mara tano. Maji yamejificha katikati ya shanga na shanga, donge kubwa ni sponji. Rudi kwenye kiasi cha kawaida. Na ukiwa umeshavuka, likiwa bado ndani ya mafuta, lisimamishe hapo sekunde kama kumi ukilisogeza mbele nyuma kidogo, utaona vitone vidogo vya maji vinaachwa nyuma, hiyo ndo kuosha kwako.

Vikishindikana vyote weka kisima cha ziada: sampuli, mafuta, maji ya kuoshea, mafuta tena, bafa ya kutolea. Kila ukivuka unapunguza uchafu. Inaongeza dakika mbili ila kwa damu na udongo naipendekeza kuanzia siku ya kwanza, usisubiri mpaka ikusumbue.

DALILI YA 4: Maji yanakimbilia kwenye mafuta, visima vinachanganyika

Umejaza kupita kiasi. Kweli, mara nyingi ni hivo tu. Kisima kikijaa mpaka kubinuka juu, ule mlango mwembamba hauwezi kushika, maji yanasukumwa. Pima kwa pipeti, usikadirie kwa macho. Ya pili ni mpangilio, weka maji ya pande zote mbili kwanza alafu mafuta mwisho, pole pole, tipu ikiwa imegusa ukuta. Ya tatu umebeba kipande mkononi ukitembea nacho, kiache mezani, isogee sumaku tu.

Ya nne ni plastiki yenyewe. Zile sahani za kukuzia seli zimetibiwa ili zipende maji, maji yanatambaa juu yake kama kwenye kioo kisafi, hazifai. Jaribu kudondosha tone la maji, likisimama kama kibonge plastiki inafaa, likilala bapa tafuta nyingine. Na ya tano angalia uzito wa mafuta uliyochagua. Mafuta ya madini ni mepesi, kama gramu 0.85 kwa mililita hivi, ya silikoni yanakaribia maji, 0.97, lakini mafuta ya florini kama FC-40 yana 1.85, yanazama chini na maji yanaelea juu, kwahiyo aliyebadilisha mafuta bila kubadilisha umbo la visima lazima vurugu itokee. Wenzetu wa Wisconsin walitumia hata mafuta ya zeituni, kwahiyo usivunjike moyo ukikosa ya bei kubwa, ila yawe mapya yasiyochacha.

Kama iliyomwagika ni sampuli ya mgonjwa, usiifute kwa tishu na kuendelea. Na narudia, kama ilikuwa na gwanidini usimwagie klorini, nyonya kwa karatasi nyingi, ziweke kwenye mfuko wa taka za hatari, osha sehemu hiyo kwa maji na sabuni, ndo baadaye kabisa pakiwa pasafi unaweza kupitisha dawa yako ya kawaida. Sampuli yenye shaka ya Ebola au Marburg haitakiwi kufikia meza yako ya kawaida kabisa, na wenzetu wa Kagera wameiona Marburg 2023 na tena mwanzoni mwa 2025, kwahiyo sio jambo la kwenye vitabu. Hapo unasimama, unafunga, unampigia msimamizi wako na afisa usalama, wana utaratibu wao wa kuipeleka panapostahili. Makohozi yenye shaka ya TB nayo kupasuliwa kwake ni ndani ya kabati la usalama, sio juu ya meza wazi.

DALILI YA 5: Zimevuka, hamna kizuizi, ila DNA hamna

Hapa gawanya swali mara mbili, je haikushika au haikuachia? Chukua maji yaliyobaki kisima cha kwanza, yasafishe kwa njia yako ya zamani. DNA ikipatikana kule, basi haikushika. Isipopatikana basi ilishika, imeng'ang'ania kwenye shanga.

Haikushika: gwanidini imepungua nguvu kwasababu uliweka sampuli nyingi kuliko bafa, au umesahau pombe ambayo kiti inaitaka, au shanga ziligandishwa. Shanga hazikai kwenye friza jamani, zikiganda na kuyeyuka zinashikana haziachani tena. Zisikauke pia. Au hukuchanganya, shanga zimelala chini na DNA iko juu, hazijakutana, tikisa taratibu dakika tano nzima.

Haikuachia: sababu ninayoikuta sana ni utando wa mafuta. Donge linafika kisima cha tatu likiwa limevaa mafuta, linagusa tone la bafa lakini halijaingia, kwa macho limeshafika kumbe bado liko nje ya mlango. Angalia kwa tochi tena, likiwa limeingia kweli linatawanyika ukiondoa sumaku, likiwa bado kwenye mafuta linabaki kibonge. Subiri nusu dakika huku sumaku ikilikandamiza mpakani, utando unakonda wenyewe unapasuka. Tween 20 kidogo sana kwenye bafa ya kutolea, asilimia 0.01, inasaidia. Alafu ondoa sumaku, changanya kwa pipeti, acha dakika tano kwenye nyuzi 60 hivi. Angalia pia pH, tumia bafa ya Trisi ya milimola 10 yenye pH 8 mpaka 8.5, maji matupu yaliyokaa wazi siku nyingi yanakuwa na asidi kidogo na silika haiachii vizuri kwenye asidi.

Ukishatoa, rudisha shanga kwenye mafuta kwa sumaku kabla hujachota DNA. Shanga za kahawia zikiingia kwenye PCR zinazuia mwanga na zinakula kimeng'enya.

DALILI YA 6: Donge limekuwa kama ute, linavutika nyuzi nyuzi

DNA imezidi, au seli hazijapasuka vizuri. DNA ndefu inazifunga shanga pamoja kama uzi unavyofunga shanga za shingoni, donge linateleza, halikai umbo moja. Punguza sampuli nusu. Damu iliyoganda vipande itoe kabla. Ukiona nyuzi usivute kwa nguvu ya sumaku kubwa, utabeba ute wote mpaka upande wa pili.

DALILI YA 7: Kidhibiti cha maji matupu nacho kimetoa chanya

Kidhibiti ni ile sampuli ya maji isiyo na DNA, inatakiwa itoke hasi. Hii haina kurekebisha huku unaendelea. Simama. Majibu yote ya siku hiyo hayatoki, hata yale unayoyaamini. Anza kubadilisha kimoja kimoja, kwanza bafa ya kutolea maana ndo inayofunguliwa sana, alafu mafuta, chupa moja ya mafuta inayochotwa na watu watano kwa wiki mbili ni mshukiwa mkubwa kwasababu kila mtu anaona mafuta ni kitu kisafi, alafu shanga, alafu pipeti. Sumaku yenyewe ifute, inapita chini ya kila sampuli na hakuna anayekumbuka kuifuta. Gawa mafuta kwenye tyubu ndogo ndogo za kutumia siku moja.

Ukibadilisha vyote na kidhibiti bado ni chanya basi chumba kimechafuka na bidhaa za PCR, yaani nakala za DNA zilizotengenezwa humo, hapo sio wewe na sumaku yako tena, mwambie msimamizi mfunge sehemu ya PCR mpaka isafishwe, vipimo vya wagonjwa vihamie maabara nyingine kwa muda huo.